Neon ya kioo au neon ya LED: ipi inafaa kolaji yako, ipi inafaa sanamu yako

Msanii anayetaka kuingiza mwanga ndani ya kazi yake ana njia mbili kubwa mbele yake. Ya kwanza ni neon yenyewe: mrija wa kioo uliokunjwa kwa moto, ukatolewa hewa, ukajazwa gesi na kupewa umeme wa volti elfu kadhaa. Ya pili ni mkanda wa LED uliovikwa silikoni, unaouzwa kwa mita, ambao siku hizi umejaa kwenye kuta za saluni, baa na maduka ya simu kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Ukizitazama kwa mbali zote ni neon. Ukizisogelea zikiwa juu ya karatasi, kitambaa, bati au mbao, utaona ni vitu viwili vyenye tabia tofauti, na kila kimoja kinakulazimisha kufanya kazi kwa namna yake.

Ulinganisho huu ni wa yule ambaye tayari ana vitu vyake mezani kwa ajili ya sanamu au kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa: vipande vya kanga, magazeti ya zamani, bati lenye kutu, kioo cha dirisha, kipande cha bango la duka lililofungwa. Anajua anataka mwanga upite humo, ila hajui aagize nini. Wengi huanza na bei, kisha rangi. Ushauri wangu ni kuanza na swali jingine: mwanga huu utaangukia nini? Ukishalijibu hilo, maswali mengi ya kifundi yanajijibu yenyewe, na hata bei inaanza kueleweka.

Mwanga unatoka upande gani

Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, na ni nadra muuzaji kulitaja. Mrija wa kioo hutoa mwanga pande zote, mduara mzima. Ukiusimamisha sentimita tatu hivi mbele ya kolaji kwa vishikizo vya kioo, sehemu ya mwanga inakuja kwako na sehemu nyingine inarudi nyuma kuangukia karatasi. Hapo ndipo mambo yanapoanza. Mikunjo ya karatasi inatoa vivuli vidogo, nyuzi za kitambaa zinajitokeza, ukingo wa kipande kilichobandikwa juu ya kingine unaonekana wazi. Ukiusogeza mrija karibu zaidi na picha, unapata mstari mkali na mwanga mwembamba pembeni yake. Ukiuweka mbali, mwanga unatanuka na kulainika. Sentimita moja tu inabadilisha picha nzima.

Mkanda wa LED wa kawaida haufanyi hivyo. Ndani ya silikoni kuna taa ndogo zilizopangwa kwenye ubao mwembamba, zote zikitazama upande mmoja, na mgongo wa mkanda haupitishi mwanga. Ubandike juu ya kolaji kisha uinamishe kichwa uutazame kwa pembeni: kandokando yake utaona ukanda mwembamba wa giza, unaoufuata kila unakopita. Anayemulikwa ni mtazamaji; karatasi iliyo chini yake inapata kidogo. Hii ndiyo sababu kolaji nyingi zenye neon ya LED huonekana kama picha iliyobandikwa bango juu yake. Vitu viwili vimekaa ukuta mmoja lakini havijakutana.

Kasoro hiyo lakini inaweza kugeuzwa kuwa nguvu. Geuza mkanda uso wake uelekee ndani, uufiche nyuma ya kipande cha plaiwudi au kadibodi nzito kilichoinuliwa kidogo kutoka kwenye picha, na mwanga utachomoza kwenye kingo zote bila chanzo chake kuonekana. Kolaji yenye tabaka tatu au nne, kila tabaka likiwa na mkanda wake uliofichwa nyuma, inapata kina ambacho gundi na mkasi pekee haviwezi kukupa. Kwa kazi ya namna hiyo sioni sababu ya kulipia kioo, kwa kuwa hakuna atakayeuona mrija.

Ila usije ukadhani kila mwanga unaorudi ukutani unataka LED. Glenn Ligon wa Marekani, katika kazi yake Warm Broad Glow ya mwaka 2005, alipaka rangi nyeusi upande wa mbele wa mirija ya neon nyeupe. Maandishi yakabaki meusi, mwanga ukaenda ukutani nyuma yake. Pale kioo kilihitajika kwa sababu mrija wenyewe, kwa unene wake na mikunjo yake, ndio ulioandika maneno, na giza lake ni sehemu ya usemi. Basi jiulize: chanzo cha mwanga kitaonekana au hakitaonekana? Kikionekana, kinakuwa nyenzo ya kazi sawa na kitambaa na bati, na kinapaswa kupendeza au kusumbua kwa haki yake. Kisipoonekana ni kifaa tu, na kifaa rahisi ndicho kizuri.

Mkono unafanya nini

Fundi wa neon huanza na mchoro. Unachorwa kwa ukubwa halisi na umegeuzwa kushoto kwenda kulia, kwa sababu mikunjo hufanywa kwa kuitazama kazi kutoka nyuma. Anachukua mrija, mara nyingi wa kipenyo cha milimita 8 hadi 15, anauzungusha juu ya moto wa gesi mpaka kipande kilegee, anautoa, anaulaza juu ya mchoro na kuupa umbo ndani ya sekunde chache kabla haujakaza. Mdomoni ana mpira mwembamba uliounganishwa na mrija. Anapokunja anapuliza kidogo, kwa kipimo anachokijua yeye, ili kona isibonyee ndani. Kona iliyobonyea ni udhaifu utakaobaki humo maisha yote ya mrija. Mikunjo ikishakamilika anaunganisha elektrodi, yaani vipande vya chuma vya kuingizia umeme, kila ncha, anavuta hewa kwa pampu, anapitisha mkondo mkubwa unaoupasha mrija moto mpaka uchafu wa ndani utoke, kisha anaingiza gesi kidogo sana na kuufunga.

Kwa mtu wa kolaji, utaratibu huu una maana nzito. Kolaji ni sanaa ya kusogeza: unaweka kipande hapa, unakitazama, unakihamishia kule, unakichana, unakirudisha. Mrija wa kioo ukishakunjwa haubadiliki. Hivyo anayetumia kioo ana mipango miwili. Anaweza kumaliza kolaji kwanza, akaifunika kwa karatasi inayoonyesha chini, akachora mstari anaoutaka na kumpelekea fundi. Au anaweza kuupokea mrija kwanza na kujenga kolaji kuuzunguka. Mpango wa kwanza ni salama na huleta kazi nadhifu. Wa pili naupenda zaidi, kwa sababu unamlazimisha msanii kujibizana na kitu kisichokubali kubadilika, na kolaji nzuri huzaliwa kwenye mabishano ya aina hiyo.

Mpango huo wa pili una ukoo wake. Chris Bracey wa London, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa fundi wa mabango ya neon ya mitaa ya Soho. Baadaye akawa mkusanyaji wa mabango ya zamani na msanii, akiunganisha mirija na vitu vilivyotupwa, hata na sanamu za kidini. Karakana yake ya Walthamstow, God's Own Junkyard, imejaa kazi za namna hiyo. Nyingi zilianza na kipande kilichokuwapo tayari, kikatafutiwa sanaa ya kukizunguka.

Mkanda wa LED uko upande wa pili kabisa. Unaukata kwa mkasi penye alama: ule wa volti 12 mara nyingi kila sentimita 2.5, wa volti 24 kila sentimita 5. Unaujaribu mezani, unauondoa, unaurefusha, unaufupisha. Unafanya kazi kwa mwendo uleule wa kolaji, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayefikiri kwa mikono. Mipaka yake ni miwili. Kwanza, mkanda mmoja hukubali kupinda kwenye mwelekeo mmoja tu, ama kushoto na kulia ama juu na chini. Ukiulazimisha kwenda kwingine, njia za shaba ndani yake hukatika na kipande kinazima. Pili, kona kali kama ya herufi V haitoki. Unakata, unatoboa ubao, unaunganisha waya kwa nyuma na kuanza upya upande wa pili. Ukichungulia kwa karibu utaiona ile nafasi ndogo ya giza kwenye maungio.

Kioo nacho hakina uhuru wote. Kila mrija una ncha mbili na zote lazima zipate umeme. Neno zima mara nyingi huandikwa kwa mrija mmoja unaopita kutoka herufi hadi herufi, na sehemu zisizotakiwa kuonekana hupakwa rangi nyeusi nzito. Kwenye bango hilo hufichwa. Kwenye kolaji mimi ningeacha baadhi ya vipande hivyo vyeusi vionekane, maana ni mistari, na mistari ndiyo chakula cha kolaji.

Juu ya picha, au ndani ya kitu

Gesi ya neon iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, na Mfaransa Georges Claude akaonyesha taa zake kubwa Paris mwezi Desemba 1910. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo ilikuwa mali ya watangazaji wa biashara. Wasanii walipoichukua walikwenda njia mbili, na ukizijua hizo mbili utajua wewe uko wapi.

Njia ya kwanza ni mwanga juu ya picha. Martial Raysse wa Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliweka neon pamoja na picha za wanawake zilizokuzwa na vitu vya plastiki vya madukani. Mwaka 1962, kwenye jumba la makumbusho la Stedelijk mjini Amsterdam, alitengeneza Raysse Beach, ufuko mzima wa ndani wenye mchanga, vitu vya kuchezea vya pwani na neon. Mwanga wake ulikuwa wa dukani, na alitaka uwe hivyo. Kwa msanii anayefuata moyo wa Raysse leo, LED ina haki zote: ndiyo mwanga wa madukani wa wakati wetu. Anayetengeneza kolaji kuhusu saluni, vibanda vya miamala ya simu au harusi za ukumbini, na kuweka kioo cha bei ghali, anaweza kujikuta amesema jambo ambalo hakulikusudia.

Mary Weatherford wa California ni kisa kingine. Tangu mwaka 2012, alipofanya kazi zake kuhusu mji wa Bakersfield, amekuwa akipaka rangi laini, zenye kutiririka, kwenye kitani kizito, kisha anafunga mrija mmoja au kadhaa mbele yake. Nyaya hazifichi. Zinaning'inia wazi hadi kwenye transfoma zilizokaa sakafuni. Ukizitazama kazi hizo unaona waya mweusi umekuwa mstari wa tatu, baada ya ule wa brashi na ule wa mwanga, na transfoma imekuwa uzito unaoivuta picha chini. Jaribu kufanya hivyo kwa LED: waya ni mwembamba kama wa chaja, adapta ni kiboksi kidogo cheusi, na hakuna uzito wowote wa kuegemeza jicho. Kama unapenda kazi inayoonyesha mishipa yake, kioo kinakupa mishipa mizuri.

Njia ya pili ni mwanga unaopenya kitu, na hapa sanamu inaanza. Mwitalia Mario Merz, mwishoni mwa miaka ya 1960, alitoboa kwa mirija ya neon vitu vya kawaida kama mwavuli, koti la mvua na chupa. Mwaka 1968 alijenga Igloo di Giap: fremu ya chuma yenye umbo la kuba, mifuko ya udongo imeifunika, na juu yake maneno ya Jenerali Giap wa Vietnam yakizunguka kwa neon. Fikiria nyenzo hizo zikiwa pamoja. Udongo ni mzito, umetulia, hauna haraka. Mrija juu yake unaweza kuvunjwa na kiwiko cha mtoto. Mtazamaji anaijua hatari hiyo kabla hajasoma neno hata moja, na anajikuta anatembea polepole kuizunguka.

Kuvunjika kwa urahisi ni nyenzo. Hili naliamini kabisa, na ndilo jambo ambalo LED haiwezi kukuuzia. Mkanda wa silikoni unaweza kuukanyaga na ukaendelea kuwaka. Ukiufunga kwenye jiwe, jiwe na mkanda haviogopani. Ukifunga mrija wa kioo kwenye jiwe hilohilo, pametokea wasiwasi kati ya vitu viwili, na wasiwasi huo unakufanyia kazi mchana na usiku hata umeme ukikatika.

Kuna sababu nyingine ya kimwili kabisa: kioo kinajibeba. Lucio Fontana, kwenye maonyesho ya Triennale ya Milan mwaka 1951, alitundika juu ya ngazi mstari wa neon wa karibu mita 100 uliojizungusha hewani. Mwaka 2017 msanii Cerith Wyn Evans alitundika karibu kilomita mbili za neon ndani ya Tate Britain, jumba la sanaa la London. Mistari ile ilikaa hewani ikiwa na umbo lake kwa sababu kioo ni kigumu. Mkanda wa LED ukiuning'iniza unalegea na kufuata uzito wake, kwa hiyo unahitaji uti wa mgongo: reli ya alumini, nondo nyembamba au ukingo wa mbao. Anayetengeneza sanamu ya LED kwa kweli anatengeneza sanamu ya chuma iliyovikwa mwanga. Hilo si baya hata kidogo kwa mtu mwenye mkono mzuri wa kuchomelea, bora alijue mapema na auchore uti wa mgongo huo kama sehemu ya umbo.

Kati ya njia hizi mbili anasimama Keith Sonnier, na kama ningeulizwa ni nani wa kumtazama kwa muda mrefu, ningemtaja yeye. Alizaliwa mwaka 1941 katika mji mdogo wa Mamou, jimbo la Louisiana, Marekani, nchi ya mashamba ya mpunga, na akafariki mwaka 2020. Alifanya neon ikutane na kitambaa, mpira, waya na vioo vipana. Katika mfululizo wa Ba-O-Ba, alioanza mwaka 1969, vipande vikubwa vya kioo vimeegemezwa ukutani na mirija inapita juu na pembeni yake. Kioo kinaurudisha mstari mara ya pili, mwanga unapita ndani yake na kufika ukutani ukiwa umefifia, na ukisimama pale na wewe unaonekana ndani. Somo la Sonnier kwa mwenye bajeti ndogo ni kubwa: mrija mmoja wenye kitu cha kuurudisha unafanya kazi ya mitatu. Kioo cha dirisha, pleksi (plastiki ngumu inayong'aa kama kioo) au bati jipya lililong'arishwa vyote vinafaa.

Upande wa vitu vya kuokota, sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Cyrus Kabiru wa Nairobi ametengeneza miwani ya ajabu kutokana na nyaya, vizibo na mabaki ya vyuma, na kila kitu alichookota bado unakitambua kilikuwa nini. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amefanya kolaji zenye vipande vya majarida na michoro ya kitabibu, na mkato wake una maana kabla hata ya rangi. Kabla hujaweka mwanga, pima kazi yako kwa vipimo hivyo viwili: je, vitu vyangu bado vinatambulika, na je, mikato yangu ina sababu? Kama jibu ni hapana, mwanga wa aina yoyote utaficha udhaifu kwa dakika moja tu.

Rangi, na jinsi inavyokula rangi nyingine

Neon halisi ni nyekundu ya machungwa. Rangi nyingine za mirija ya kioo hupatikana kwa gesi ya argoni na tone la zebaki, pamoja na unga maalumu uliopakwa ndani ya kioo, au kwa kioo chenyewe kuwa cha rangi. LED hukupa orodha ndefu ya rangi, na mikanda mingine hubadilika kwa rimoti. Mimi rimoti ningeiacha dukani. Kolaji imepangwa kwa rangi fulani, na mwanga unaobadilika kila sekunde unaivuruga kazi ya miezi.

Jambo la kuzingatia kwa aina zote mbili ni kwamba mwanga wa rangi moja huziua rangi nyingine. Weka kanga ya buluu chini ya neon nyekundu: buluu inakuwa nyeusi, na maandishi mekundu yaliyo kwenye sehemu nyeupe ya kanga hiyo yanapauka mpaka kukaribia kupotea. Nyeupe inakuwa nyekundu. Kabla ya kubandika chochote kwa gundi, zima taa za chumba na upitishe mwanga uliouchagua juu ya kila kipande. Utashangaa vipande ulivyovipenda mchana vinavyonyamaza usiku. Ukitaka rangi za kitambaa zibaki kama zilivyo, tumia LED nyeupe iliyofichwa kwa ajili ya kitambaa, na uuache mstari wa rangi uwe mstari tu.

Magazeti nayo yana shida yake: karatasi ile hugeuka njano haraka inapokaa kwenye mwanga, uwe wa jua au wa taa. Kwa kazi unayotaka idumu, piga nakala kwenye karatasi isiyo na asidi, au ukubali njano hiyo na uihesabu ndani ya mpango wako.

Umeme, joto na chumvi ya pwani

Neon ya kioo inatumia transfoma za kati ya volti 2,000 na 15,000, kwa mkondo mdogo wa miliampia kadhaa, mara nyingi 30. Si kazi ya kujifunzia nyumbani. Sanamu ya chuma lazima iwe na waya wa ethi, nyaya za volti kubwa lazima ziwe zile maalumu, na ncha za mrija zenye elektrodi, ambako joto pia hukusanyika, zikae mbali na karatasi, kitambaa na vidole vya watu. Lipa fundi umeme mwenye uzoefu. Ukiagiza transfoma kutoka Marekani, angalia kwanza: kule umeme ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, zote kwa mizunguko 50. Na mrija wenye zebaki ukivunjika, fungua madirisha, vaa glavu, okota vipande kwa karatasi ngumu na vumbi kwa selotepu, usitumie ufagio.

LED ya volti 12 au 24 ni salama zaidi kwa mikono, na inakuruhusu jambo ambalo kioo kinakufanya ulipie sana: kuwasha kazi mahali pasipo na umeme. Hesabu ni rahisi. Mkanda unaokula wati 10 kwa mita, ukitumia mita 3, ni wati 30. Adapta yake isiwe ya wati 30 kamili. Chukua ya 40 au zaidi isichoke. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7 itauwasha kwa saa mbili na kidogo, inatosha kwa jioni ya ufunguzi wa maonyesho. Mkanda wa volti 12 usivuke mita 5 kwa waya mmoja, vinginevyo mwisho wake unafifia. Kwa urefu zaidi tumia volti 24 au ulishe umeme pande zote mbili. Usiuwashe ukiwa umeviringishwa, na usiufunike kwa kitambaa kizito, maana joto ndilo linaloziua LED.

Kwa walio Mombasa, Tanga, Zanzibar na Lamu: hewa ya chumvi inakula maungio ya aina zote. Ziba kila ungio la LED kwa silikoni, chagua mkanda wa silikoni badala ya PVC, ambayo hugeuka njano juani, na ncha za mirija ya kioo zifutwe vumbi mara kwa mara, kwa sababu chumvi ikipata unyevu hupitisha umeme.

Bei na matengenezo

LED ni nafuu mara nyingi zaidi, inapatikana leo, na inasafiri ndani ya begi. Kioo mara nyingi utakiagiza mbali, na sanduku lake litakuwa kubwa kuliko kazi. Lakini usilinganishe bei ya siku ya kununua pekee. Mrija uliotengenezwa vizuri unaweza kuwaka kwa miongo, na ukivunjika fundi anaukunja upya kwa mchoro uleule. LED hutangazwa kwa saa 30,000 hadi 50,000, na ikifa, kipande kidogo chenye taa tatu au sita huzima peke yake na kuacha pengo katikati ya mstari. Baada ya miaka michache mkanda wa rangi ileile huenda usiupate tena. Nunua mita moja ya akiba siku hiyohiyo na uifunge nyuma ya kazi.

Uchague nini

Kolaji ya tabaka nyingi ambayo mwanga wake hauonekani chanzo: LED, bila kusita. Kolaji yenye mstari mmoja unaokaa mbele ya picha na kuiangaza: kioo, hata kama utaweza kulipia sentimita 60 tu zilizonyooka. Mrija ulionyooka ndio rahisi kuliko yote kuutengeneza, na ukiuweka mahali pake unafanya mengi kuliko mita 4 za mkanda uliopindapinda. Sanamu ya nje, ya uwanjani, ya sherehe, itakayopandwa na kushikwa na watoto: LED kwenye uti wa chuma. Sanamu ya ndani inayokutanisha kitu kizito na kitu chepesi: kioo, na uweke nafasi ya kutosha kuizunguka. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi: LED, ili apate kukosea, kukata na kurudia bila hofu.

Na kama moyo wako uko kwenye kioo lakini mfuko bado, tumia moja kuifikia nyingine. Tengeneza kazi nzima kwa mkanda wa LED wenye unene unaokaribiana na mrija unaoutaka, uishi nayo ukutani wiki kadhaa, usogeze mpaka mstari ukae. Ukiridhika, funika kazi kwa karatasi inayoonyesha chini na upitishe penseli juu ya mkanda kwa ukubwa halisi. Kwenye karatasi hiyo andika mambo manne: kipenyo cha mrija, rangi, umbali kutoka kwenye picha, na mahali ncha mbili zitakapotokea. Hilo la mwisho wasanii wengi hulisahau, na fundi asipoambiwa ataziweka panapomfaa yeye.